Nilikwenda Paris kulea mjukuu, nikajifunza kusikia ngoma



Siku ya posho, tulipokuwa tukikusanya likelemba, mliniambia niandike habari za safari yangu ya Paris. Najua wengi mnangojea Mnara wa Eiffel na maduka. Mnara niliuona mara moja, kwa dirisha la basi, na mvua ilikuwa inanyesha. Mahali nilipokaa saa nyingi kuliko pengine pote ni jumba moja kubwa ambamo zamani walikuwa wakitengeneza majeneza. Ngojeni, nitaeleza.

Nilikwenda kwa sababu mtoto wa dada yangu alijifungua mtoto wake wa pili, na kule hakuwa na mama wa kumkanda kwa maji ya moto wala wa kumpikia uji. Tulipanda ndege hapa Lubumbashi, tukabadilisha Addis Abeba, asubuhi nikawa Paris na koti la kuazima. Nikakaa miezi miwili.

Lakini niliondoka nyumbani nikiacha neno halijaisha. Kitinda mimba wangu ana miaka 17, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na anacheza hip hop. Mnamjua, ndiye yule anayewatembezea maji kwenye mikutano yetu. Kabla ya safari alikwenda kwenye mashindano katika komuni ya jirani, akatolewa raundi ya kwanza, akarudi giza limeingia, macho mekundu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye lango la parsele tangu saa kumi na mbili, moyo mkononi. Badala ya kumuuliza kilichompata, nilimwambia kwamba Exetat haina swali la kurukaruka, nikachukua viatu vyake vya kuchezea nikavifungia kabatini. Hakunijibu neno. Tangu siku ile ilikuwa "jambo mama" asubuhi na "usiku mwema mama" jioni, basi. Nilipanda ndege hivyo.

Wiki ya tatu, kaka yake akanitumia sauti kwenye WhatsApp. Yeye mwenyewe hakutaka kuniomba. Kaka yake akasema: "Mama, siku ile mwamuzi alimwambia hivi: unajua hatua zote, lakini unacheza hatua, huchezi muziki. Hajui afanye nini. Anasema Paris kuna mahali panaitwa Centquatre, wacheza wote wanafanya mazoezi pale. Anaomba uwaulize: mtu anafanyaje ili asikie?"

Nilisikiliza sauti ile mara tatu, mtoto mchanga yuko begani. Nilikuwa nimefikiri alilia kwa sababu ya kushindwa. Kumbe alikuwa amebeba swali.

Basi nikauliza njia. Centquatre maana yake mia moja na nne, ni namba ya nyumba kwenye barabara ya Aubervilliers, upande wa kaskazini-mashariki wa mji, mtaa wa 19. Unashuka metro kituo cha Riquet, unatembea kidogo. Kwa nje ni matofali tu, unaweza kupita. Ukiingia ndani unakuta ukumbi mrefu kama soko la Kenya lingefunikwa kwa paa la chuma na kioo, mwanga unashuka kutoka juu. Jumba lilijengwa miaka ya 1870 kwa ajili ya mazishi ya mji mzima. Humo ndimo walimochonga majeneza, humo yalimokaa magari ya maiti na farasi wa kuyavuta. Watu zaidi ya elfu moja walifanya kazi mle. Kazi ile ilikoma miaka ya 1990, na mwaka wa 2008 mji ukalifungua tena kama nyumba ya sanaa. Kuingia ukumbini ni bure. Kuna duka la vitu vilivyotumika ambapo nilinunua sufuria nzuri kwa bei ya maandazi, na kuna chumba cha watoto wadogo, chini ya miaka sita, ambamo mzazi anaingia na mtoto wake wanacheza pamoja. Mimi nilikuwa na sababu ya haki ya kwenda: mkubwa wa yule mjukuu ana miaka mitatu, anahitaji kukimbia. Mchanga nilimfunga mgongoni kwa kitenge. Watu walitutazama sana.

Na ukumbini, wamama, vijana. Wengine wanazunguka juu ya kichwa, wengine wanafanya sarakasi na mipira, wengine wanasoma mchezo wa kuigiza kwa sauti mbele ya ukuta. Kila kundi na kispika chake kidogo chini. Hakuna mwalimu anayepiga kelele, hakuna anayetoa pesa, hakuna anayepiga makofi. Mwanzoni nilifanya kama ninavyofanya hapa nyumbani: nikawahesabu, nikajiuliza mama zao wako wapi.

Nilikaa kwenye benchi karibu na msichana mmoja mweusi, nywele kasuka fupi, suruali pana. Alikuwa anacheza peke yake, lakini nikaona hachezi. Muziki unapiga, yeye anakunja magoti tu, chini, juu, chini, juu, kichwa kinafuata kidogo. Wimbo mzima. Ukaisha, akaanza tena wimbo uleule, akafanya vilevile. Nikafikiri amechoka au ni mgonjwa. Wimbo wa tatu nikashindwa kunyamaza, nikamuuliza kwa Kifaransa: binti yangu, utaanza lini?

Akacheka mpaka akakaa chini. Wazazi wake ni wa Kinshasa, yeye kazaliwa Paris, Kiswahili hajui hata neno. Aliniita tantine tangu dakika ya kwanza. Nikamweleza swali la mwanangu, kama alivyolisema, na maneno ya mwamuzi. Hakucheka tena. Akasema, "Tantine, hata mimi niliambiwa vile. Nililia wiki moja."

Aliyonieleza nayaandika hapa kama nilivyoyashika, maana najua si mimi peke yangu mwenye mtoto wa namna hii.

Alisema watoto wengi siku hizi wanajifunza hatua kwenye simu. Wanaona, wanaiga, wanaijua. Lakini kwenye simu hatua inafika kabla ya muziki: jicho linafanya kazi, sikio limelala. Kile kinachokosekana wanakiita gruvu. Si hatua. Ni ule mwendo wa ndani ambao mwili unafanya bila kukoma chini ya hatua zote, kama mtu anavyoendelea kupumua akiwa anazungumza. Katika hip hop mwendo huo unaanzia kwenye magoti na kifua, kushuka au kupanda kwa kila pigo. Ukiweza kuushika wimbo mzima bila kuupoteza, ndipo unaweka hatua juu yake. Ukiupoteza ulipoongeza hatua, unatoa hatua. Ndiyo maana alikuwa anakunja magoti tu. Yeye amecheza miaka kumi, na bado kila siku anaanza hapo.

Baada ya hapo akanifundisha kusikiliza. Aliweka wimbo, akaniambia nisifuate sauti ya mwimbaji. "Tafuta ngoma nzito, tantine." Ile inayopiga dum. Nikaipata. "Sasa tafuta ile kavu inayoijibu." Ile inayolia ka, kama mtu anapiga ubao. Hesabu mpaka nne: nzito iko kwenye moja, kavu kwenye mbili, halafu tena tatu na nne. Juu yake kuna kitu chembamba kinanyunyiza, tsi-tsi-tsi, ni kile kisahani cha shaba. Chini ya vyote kuna besi, inatembea njia yake. Akasema mchezaji wa kawaida anasikia wimbo mmoja. Anayekua anasikia watu wanne au watano wanazungumza, na anachagua amjibu nani. Dakika hii miguu inajibu ngoma, dakika nyingine mabega yanajibu kile kisahani, halafu besi ikinyamaza anasimama kabisa, hafanyi kitu, na hapo ndipo watu wanapiga kelele.

Na wanahesabu mpaka nane, si nne, kwa sababu muziki unasema sentensi yake katika nane, na sentensi kadhaa zinafanya kipande. Mwenye sikio anajua kipande kinakaribia kwisha kabla hakijaisha, kama sisi tunavyojua mhubiri anakaribia amina. Anajiweka tayari. Mabadiliko yakifika yanamkuta amefika.

Nikamwambia, lakini haya sisi tunayajua. Akaniuliza vipi. Nikasimama, mtoto mgongoni, nikamwonyesha kwa mikono namna wanawake watatu wanavyotwanga sombe katika kinu kimoja. Wa kwanza anashusha, wa pili anafuata, wa tatu anaingia katikati, na mmoja akitaka anagonga mdomo wa kinu mara mbili kabla ya kushusha mchi. Hakuna anayehesabu kwa mdomo. Ukifikiri, unapigwa mchi wa mkono. Usipofikiri, inakwenda mpaka majani yanalainika. Na mjomba wangu, enzi zile za akina Mwenda Jean Bosco, hakujua gitaa hata kidogo, lakini kila mpiga gitaa wa kartie alikuwa anamwita, kwa sababu alijua kugonga chupa ya Fanta kwa msumari. Chupa tu. Walisema bila yeye gitaa linachechemea.

Msichana akaniomba nimgongee. Hakukuwa na chupa ya kioo, nikagonga chupa ya maziwa ya mtoto kwa kijiko. Akacheza juu ya hiyo. Sijui kama mmewahi kuona mtu anacheza sauti mliyoitoa ninyi wenyewe. Nilipochelewa, alichelewa nami. Nilipogonga mara mbili haraka, bega lake lilifanya mara mbili. Vijana wawili waliacha mambo yao wakaja kusimama karibu. Mjukuu wa miaka mitatu akaingia katikati akaanza kuruka, na hakuna aliyemwondoa.

Nilirudi mara sita au saba baada ya siku ile. Huyo msichana ndiye aliyenieleza mwanzo wa jambo lenyewe, na nikafurahi, kwa sababu mimi nilidhani ni kitu cha wahuni. Tarehe 11 mwezi wa 8 mwaka wa 1973, huko Bronx, New York, binti mmoja anaitwa Cindy Campbell alitaka pesa za kununua nguo za kuanzia shule. Familia yao ilitoka Jamaika. Akakodi chumba cha mikutano chini ya jengo walimoishi, barabara ya Sedgwick, namba 1520, akaweka kiingilio: wasichana senti 25, wavulana senti 50. Kaka yake, Kool Herc, akapiga sahani za muziki. Kaka huyo alikuwa ameona kwamba watu wanangoja kipande kimoja cha wimbo, pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma inabaki peke yake. Alikuwa anatafuta namna ya kukirefusha, na baadaye akatumia sahani mbili za wimbo uleule, moja ikiisha anarudisha nyingine, ili kipande kile kisiishe. Waliokuwa wanacheza humo ndio wakaitwa watoto wa break.

Mkongomani haitaji kuelezwa hilo mara mbili. Sisi tunakaa kwenye rumba kwa adabu, tunangoja sebene. Sebene ikiingia, hata mama wa kanisa anasimama. Tofauti ni kwamba sebene yetu gitaa ndilo linatawala, na ile yao ni ngoma. Lakini kungoja ni kulekule. Na nani alianzisha? Binti mwenye shida ya nguo za shule. Kama angekuja kwenye likelemba yetu tungemwelewa.

Mkumbuke pia kwamba ule wa kuzunguka chini, break, uliingia kwenye michezo ya Olimpiki huko huko Paris mwaka wa 2024, na Mjapani anayeitwa Ami akachukua dhahabu ya wanawake. Mwanangu hachezi huo, yeye anacheza wa kusimama. Ananikosoa kila nikichanganya, kwa hiyo naandika ili mjue kwamba sasa sichanganyi.

Kuna habari moja nyingine lazima niwape, kwa sababu ni ya mama. Nilimuuliza yule msichana kwa nini nyimbo zake zinasikika kama zinaanguka kidogo, kama mtu aliyelewa anayejua njia ya nyumbani. Akasema huyo ni J Dilla, kijana wa Detroit, Marekani. Watengenezaji wengine wanaiacha mashine inyooshe kila pigo mahali pake. Yeye mara nyingi alikataa. Alipiga kwa vidole, akaacha pigo moja lichelewe kidogo na lingine liwahi, na ndiyo sababu muziki wake una pumzi. Wacheza wanaupenda sana na wanauogopa, kwa sababu ukiucheza kwa kuhesabu tu unashindwa. Lazima uegemee nyuma, uchelewe bila kuachwa. Aliugua damu, na mama yake alimtunza mpaka mwisho. Sahani yake iliyoitwa Donuts ilitoka siku ya kuzaliwa kwake, tarehe 7 mwezi wa 2 mwaka wa 2006, akiwa ametimiza miaka 32. Baada ya siku tatu akafa. Mashine yake ya muziki mama yake aliitoa kwa jumba la makumbusho huko Washington, inaonyeshwa pale. Nilipoambiwa hilo, nilikuwa nimekaa katika nyumba ya zamani ya majeneza, na mtoto wa miezi miwili amelala mgongoni kwa sababu ya besi. Nikafikiria kabati langu na viatu vilivyomo.

Jioni ile nikampigia simu binti yangu. Si kaka yake. Akapokea, "jambo mama," kimya. Sikumwomba msamaha kwa maneno mazuri, sijui kusema hivyo kwa simu. Nilimwambia: nimewauliza. Nikasikia anavuta kiti.

Nikampa kazi kama nilivyopewa. Achague wimbo mmoja asioupenda sana, aukae wiki nzima. Siku ya kwanza asicheze, alale chini, asikilize ngoma nzito tu. Siku ya pili ile kavu. Siku ya tatu aimbe ngoma kwa mdomo, dum-ka-dum-dum-ka, mpaka ndugu zake wachoke, kwa sababu mtu hawezi kucheza kitu asichoweza kukiimba. Halafu magoti, wimbo mzima, bila hatua. Halafu aweke hatua moja tu, ile rahisi kuliko zote, aifanye haraka, aifanye polepole, aifanye kubwa, aifanye ndogo, aikate katikati. Hatua moja kwa wimbo mzima. Akasema, "Mama, hiyo inachosha." Nikamwambia ndiyo, mimi nimeona anayeifanya kwa miaka kumi.

Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na viatu?" Nikamwambia ufunguo uko ndani ya kopo la chumvi la zamani, juu ya kabati la vyombo. Kumbe alikuwa anajua tangu siku ya kwanza. Hakuvigusa.

Paris nyingine nitaisema kwa haraka. Château Rouge ni kama kuingia nyumbani kwa mlango wa nyuma: sombe ipo, imegandishwa kwenye plastiki, ndakala wapo, mahindi ya kuchoma yapo, na bei ni ya kulia. Baridi iko mifupani. Watu hawasalimiani kwenye ngazi. Mjukuu ni mzima, mama yake ni mzima, ameanza kutabasamu bila mimi kumwambia.

Nilirudi wiki tano zilizopita. Tumeandika mkataba mimi na binti yangu, kaka yake ni shahidi: siku ya kwanza mpaka siku ya tano ni masomo, mchezo ni nusu saa ya kusikiliza tu, siku ya posho mchana anacheza, giza lisimkute nje, na kama kuna mashindano mimi naenda naye. Matokeo ya shule ya kipindi hiki hayakupanda, lakini hayakushuka. Hisabati bado ni shida, kama ilivyokuwa kabla ya hip hop.

Wiki iliyopita tulitwanga sombe, mimi, yeye na mtoto wa jirani. Akaanza kuleta mchezo: anachelewesha mchi wake kidogo tu, kila mara, anaingia nyuma ya wangu badala ya katikati. Nilitaka kumkaripia kwamba atatuumiza mikono. Halafu nikasikia kinu kinavyolia, nikamwacha. Mtoto wa jirani alipoteza mahali pake mara mbili, mara ya tatu akaelewa. Tulimaliza majani yote ya mkutano wenu bila kupumzika, mtayala siku ya posho.

Kuanzia sasa vijana sita wanafanya mazoezi katika parsele yetu kila siku ya posho saa tisa, baada ya vyombo. Wanne kati yao ni wasichana. Kispika ni kidogo, majirani wamekubali mpaka saa kumi na moja. Mama anayetaka kuja kuona wa kwake anafanya nini aje, lakini abebe kiti, maana vyangu ni vinne tu. Na mwenye chupa ya Fanta ya kioo, ya zamani, asiitupe, aniletee.